Kigingi cha Maili Moja

Jumapili, 8 Septemba

Leo nimeanza rasmi kazi ya kumfanya mjukuu wangu awe afisa wa jeshi. Yeye mwenyewe alishaanza tangu Juni, lakini alikuwa anahangaika bila mimi, maskini.

Hali ni hii. Leanna, miaka kumi na saba, mwaka wa mwisho wa sekondari, ameomba ule ufadhili wa jeshi. Akiupata, jeshi linamlipia chuo kikuu miaka minne, na siku ya kuhitimu anavishwa cheo cha luteni. Asipoupata, chuo basi. Mahindi ya baba yake, mwanangu Dale, mwaka huu hayarudishi hata dizeli ya kuyavunia. Waombaji nchi nzima ni maelfu. Hapa Wexel, watu mia tatu na paka, waombaji ni wawili. Wa pili ni Tucker Pohlman, mjukuu wa Virgil.

Virgil! Nebraska yote hii pana, na bado lazima awe Virgil!

Kwa kichwa Leanna hana shida. Hesabu amerithi kwa bibi yake. Mimi na shule tuliachana darasa la nane, kwa makubaliano mazuri ya pande zote mbili. Shida ni maili. Kuna jaribio la mwili: pushapu, mazoezi ya tumbo, kisha kukimbia maili moja. Yeye anatumia dakika nane na ushei. Tucker, kama Virgil anavyotangaza kila asubuhi kwenye kahawa pale ushirika wa wakulima, anatumia saba na sekunde ishirini.

Nikapima maili kwa pikapu yangu, kutoka getini kwetu, kufuata barabara ya kokoto, hadi nguzo ya umeme yenye kiota cha mwewe. Nikapigilia kigingi. Nikakipaka rangi ya chungwa. Leanna akaenda mpaka kwenye nguzo na saa yake, akakimbia kuja nyumbani. Nane na kumi na mbili. Akainama, mikono magotini, akasema, "Babu, mimi mzito kama trekta."

Iliniuma. Nilimpa maji, nikajifanya naangalia mawingu. Jioni nilienda kukitazama kile kigingi. Nacho kikanitazama.

Jumatatu, 9 Septemba

Wazo limenijia nikiwa chooni, mahali ambapo mawazo yangu yote mazuri yamezaliwa.

Mtoto akijiona ana kasi, anakuwa na kasi. Basi alipoenda shule asubuhi, nikakibeba kigingi begani, nikakisogeza hatua hamsini kuja upande wa nyumbani. Kila wiki hatua hamsini. Siku ya jaribio ikifika atakuwa ameshaamini kwamba ni swala, na miguu husikiliza kichwa.

Si udanganyifu. Ni dawa. Nani anayemwambia mgonjwa kila kilichomo kwenye kidonge?

Ardith sijamwambia. Miaka hamsini na minne ya ndoa imenifundisha kwamba ukweli una wakati wake, na wakati wake si mezani.

Jumapili, 15 Septemba

Nane na kumi! Nimempunguzia hatua hamsini, naye amepunguza sekunde mbili tu! Nilishtuka, nikadhani mtoto anaugua. Nikamwuliza anakula nini shuleni. Akaniambia anakula vizuri tu, Babu. Akawa na kicheko fulani mdomoni ambacho sikukielewa.

Baada ya kanisa nikaenda kukagua. Kigingi kipo kwenye nguzo ya mwewe! Shimo lake lile lile la zamani! Tena kimepigiliwa vizuri kuliko nilivyokipigilia mimi.

Nani? Sihitaji polisi. Nguzo ya mwewe inatazamana na shamba la Virgil Pohlman.

Nimekisogeza tena. Safari hii hatua sabini.

Jumanne, 17 Septemba

Nilikwenda kwenye kahawa kumchunguza mshukiwa.

Virgil alikuwa kwenye kiti chake chini ya kalenda ya kampuni ya mbegu. Aliponiona tu, akaanza. "Karibu, Mpishi! Huyo luteni wako bado anatembea, au siku hizi anatambaa?" Wazee wote wakacheka. Ananiita Mpishi kwa sababu jeshini nilikuwa jikoni, Ujerumani, miaka miwili ya kumenya viazi. Yeye alitoka na usajini, na anauvaa usajini huo mpaka kwenye suruali ya kulalia. Nikamwambia kwamba kuna watu wakubwa wazima wanaochezea mali za wenzao barabarani. Akaniambia kama ni lile jembe langu, alilirudisha mwaka themanini na saba. Uso mkavu kabisa. Mwigizaji!

Kisha akaanza wimbo wake wa saluti. Desturi ni kwamba luteni mpya, siku anapovishwa cheo, askari wa kwanza kumpigia saluti hupewa sarafu ya dola ya fedha. Askari yeyote wa cheo cha chini, hata mzee mstaafu. Virgil anasema saluti ya kwanza ya Tucker ni yake, na ya Leanna, kama miujiza ipo, ni yake pia, maana sajini yupo juu ya mmenya viazi. Akagonga mfuko wa shati lake mara mbili, kama anavyofanya siku zote. Anadai anayo sarafu humo. Miaka hamsini anagonga mfuko ule, hakuna aliyewahi kuiona.

Nimekasirika nikashindwa kumaliza kahawa. Ile saluti ni yangu! Leanna akihitimu, nitakuwa na miaka themanini na minne. Nimeshaanza kufanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Mkono wa kulia bado unapanda vizuri. Unakwama kidogo kwenye sikio.

Jumatano, 18 Septemba

Kisasi.

Mke wa Virgil ana yule bata bukini wa saruji barazani, ambaye humvalisha nguo kufuata majira: koti la mvua masika, kofia ya Santa mwezi wa kumi na mbili. Tangu Agosti amemvalisha magwanda ya jeshi na kofia yake, kwa ajili ya Tucker. Saa nne asubuhi, wao wakiwa kwa daktari wa meno, nilipita pale nikamgeuza bata akatazama ukuta. Kama askari mwenye adhabu.

Ana uzito wa ng'ombe, yule bata. Mgongo unaniuma kuanzia kiunoni hadi dhamirani. Lakini haki imetendeka.

Jumapili, 22 Septemba

Nane na sekunde moja. Nimeenda kuangalia. Kigingi kimerudi kwa mwewe. Sajini hachoki! Nami sichoki. Hatua mia moja.

Leo kulikuwa na chakula cha pamoja ukumbini kanisani. Mchuzi wa maharage na nyama, na mikate ya mdalasini ya Ardith pembeni, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimewahi foleni, mtu wa tatu, nikageuka kumwita Leanna aje nimpenyeze mbele yangu. Hakuja. Alikuwa kule nyuma kabisa, nyuma ya vikongwe, nyuma ya watoto, amebeba sahani tupu anapiga soga. Alipofika kwenye sufuria mchuzi umebaki wa kupaka mkate.

Nikakumbuka kitu.

Mwaka wa sitini na tatu, kambini kwetu, kulikuwa na luteni mmoja mwembamba, masikio makubwa. Theluji imefika magotini, kikosi kimerudi kutoka porini, watu wana njaa ya kula viatu. Luteni yule alisimama kando ya mlango mpaka askari wa mwisho amechukua chakula. Ndipo akaja dirishani kwangu. Viazi vilikuwa vimekwisha. Nilimpa maganda niliyoyakaanga kwa mafuta ya nguruwe. Akala amesimama, akaniuliza jina langu, akasema asante, Krumm. Maofisa wengine walinijua kwa jina la "wewe".

Nilipomaliza kula Ardith akaniuliza kwa sauti yake ya chini, ile ya hatari, kama nimewahi kumwuliza Leanna kwa nini anautaka uafisa huu. Nikasema kila mtu anajua. Akauliza kama nimewahi kufikiria maofisa hupelekwa wapi picha za mahafali zikishapigwa.

Nikachukua mkate wa pili wa mdalasini. Ulikuwa mkavu. Mikate ya Ardith haijawahi kuwa mikavu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Siku ya jaribio! Uwanja wa shule, mwalimu wa michezo ameshika saa, upepo unatoka kaskazini. Mimi na Virgil uzioni, tumeachana hatua kumi kama majogoo wawili.

Jumapili iliyopita pia nilikikuta kigingi kimerudi. Ina maana dawa yangu haijamwingia mtoto hata tone moja! Amekuwa akikimbia maili kamili, ngumu, chungu, mwezi mzima, kwa hila za Virgil!

Tucker amekimbia saba na kumi na nane. Kijana ana miguu, nakubali. Lakini alikimbia kama ndama anayepelekwa mnadani, akamaliza bila kuangalia saa.

Leanna akaingia. Mzunguko wa kwanza nilikuwa napumua. Wa pili nikaacha. Wa tatu Virgil akasogea karibu yangu bila kujijua, akapiga kelele, "Mikono, binti! Tumia mikono!" Wa nne nikashika uzio kwa meno.

Saba na ishirini na tisa!

Nikaruka. Nikatua vibaya. Virgil akanidaka kwapani, akasema, "Taratibu, Mpishi, utakufa kabla ya sarafu." Nikamwambia aniachie. Hakuniachia mpaka niliposimama sawasawa.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Hitimisho langu: mbinu yangu ya kigingi imefanya kazi. Sijui kwa njia gani. Lakini imefanya.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mahojiano, mjini Lincoln, chuo kikuu. Niandike polepole, maana ni mengi.

Dale yuko juu ya mashine ya kuvunia usiku na mchana, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka. Dale alisema neno moja tu: "Baba, usiongee." Nikaahidi. Kuongea sikuongea. Lakini nilibeba sinia la mikate kumi na miwili ya mdalasini, kwa ajili ya mwenye kuhoji. Hiyo si rushwa. Ni kifungua kinywa.

Mwenye kuhoji akatokea: Luteni Kanali Brandvold. Mwanamke, mfupi, nywele za mvi zimebanwa nyuma, macho yanaona mpaka soksi. Mwili wangu ukafanya jambo lenyewe bila kuniomba ruhusa. Nikapiga saluti! Ndani ya jengo, kofia ya kampuni ya mbegu za mahindi kichwani, sinia mkononi. Mikate miwili ikaanguka.

Wanafunzi waliovaa magwanda wakageuka wote. Leanna akafumba macho. Yule Luteni Kanali akaokota mikate, akaniambia kwa upole, "Mzee, humu ndani huwa hatupigi saluti. Lakini yako nimeipokea." Zawadi hakuweza kuipokea, akasema, ila njaa ya wanafunzi wake ni jambo jingine. Akaliweka sinia mezani. Wakalivamia kama nzige.

Wakaingia ofisini. Mimi nikaachwa kwenye benchi. Mlango haukufungwa vizuri. Sikusikiliza. Niliongeza tu sauti ya mashine yangu ya sikio, kwa sababu za kiafya.

Aliulizwa kuhusu alama, kuhusu timu ya voliboli, kuhusu kitabu. Akajibu vizuri, kwa sauti ndogo. Kisha Luteni Kanali akamtaka aeleze wakati ambapo alilazimika kuchagua kati ya ukweli na mtu anayempenda. Nikasikia kiti kinalia. Nikajua ameshindwa. Nikasimama, nikatafuta njia ya kuanguka na kupiga kelele, ili nimpe muda.

Leanna akasema, "Ni babu yangu, yule wa mikate. Amekuwa akisogeza kigingi changu cha maili."

Nikakaa.

Akasema aliniona siku ya kwanza kabisa, kutoka kwenye basi la shule. Basi zima liliniona! Napita mtaroni, kigingi begani kama bunduki, naimba. Akasema jioni ile alikwenda akakirudisha. Kila nilipokisogeza, alikirudisha. Luteni Kanali akauliza kwa nini hakuniambia. Leanna akasema, "Kwa sababu hakuwa ananidanganya kwa faida yake. Ningemwambia, angeona haya, na yeye hana kazi nyingine anayoipenda kama hii. Lakini kukimbia maili ya uongo nisingeweza. Siku moja kuna watu watakaonifuata mimi. Nikiwaambia ni maili moja, inabidi iwe maili moja."

Luteni Kanali akauliza, je, babu huyo akiendelea?

"Ataendelea," akasema Leanna. "Nami nitakirudisha."

Wakacheka wote wawili. Mimi nikapunguza sauti ya mashine ya sikio. Nilikuwa nimesikia ya kutosha kwa afya yangu.

Walipotoka, Luteni Kanali alipita mezani. Sinia tupu, makombo tu. Hakuguna. Aliwauliza wanafunzi kama kila mmoja amepata. Wakasema wamepata. Akasema vizuri, akalamba sukari kidogo iliyobaki kwenye kidole kilichookota ile mikate, akanipa mkono. Aliniuliza jina langu. Nikamwambia. Akasema, "Asante, Krumm."

Sikuweza kusema kitu. Dale angefurahi.

Njiani maili arobaini za kwanza, mahindi pande zote, nusu yamevunwa, nusu yamesimama. Nikamwuliza, mwishowe, kwa nini anautaka uafisa. Akaniangalia kana kwamba namwuliza jina lake. "Kwa ajili ya luteni wako wa maganda ya viazi, Babu." Nikasema sijawahi kumsimulia mtu habari hiyo. Akasema nilimsimulia yeye, alikuwa na miaka sita, tukimenya viazi vya sikukuu, na nilipofika mwisho nilikata kidole.

Kovu ninalo. Habari nilikuwa nimeisahau.

Nikamwuliza kama anaogopa. Akasema, "Ndiyo." Basi. Akawasha redio, akaizima tena. Habari ya kigingi hakuna aliyeitaja.

Jumapili, 20 Oktoba

Dhamira na mgongo vimenikubalia siku moja. Nikaenda kumgeuza bata wa saruji atazame barabara tena. Nilikuwa nimemkumbatia shingo ndipo Virgil alipofungua mlango.

Nikasema bata alikuwa ananiuliza njia. Virgil hakucheka. Alikuwa amevaa soksi tupu. Akaniambia niingie, kuna kahawa.

Tucker amejitoa. Aliliandikia jeshi barua mwenyewe, Jumatatu. Anataka kujifunza ufundi wa injini za dizeli. Alikuwa anataka hivyo tangu mwanzo, akasema Virgil, ila hakuna aliyemwuliza. Nilikuwa na kejeli tatu tayari, nzuri zote, nimezihifadhi tangu Agosti. Nikazirudisha ghalani.

Virgil akaingiza vidole mfukoni mwa shati, ule mfuko. Akaweka kitu mezani.

Ipo! Sarafu ya fedha, imesuguliwa mpaka sura iliyomo imekuwa laini kama sabuni. Akasema ni ya Wendell, kaka yake. Wendell alivishwa uluteni mwezi wa sita, sitini na saba, na Virgil, kuruta wakati ule, masikio yamemsimama kwa kunyolewa, ndiye aliyempigia saluti ya kwanza. Wendell akampa sarafu hii, akamwambia asiende kuinywea bia. Mwezi wa pili mwaka uliofuata Wendell akarudi Wexel ndani ya sanduku.

Jina la Wendell Pohlman lipo kwenye jiwe la waliokufa vitani, mbele ya shule. Nimelipita maelfu ya mara. Nilidhani najua kwa nini Virgil hugonga mfuko ule. Nilidhani ni majivuno.

Akasema, "Mpe Leanna. Siku yake ikifika, naye ampe atakayemsalimia kwanza. Hata kama ni mmenya viazi." Nikamwambia bado hajaupata ufadhili wenyewe. Akasema, "Ataupata. Ana mikono mizuri." Kisha akasema jambo jingine, huku ananimiminia kahawa ambayo sikuiomba: kwamba hajui tena kama anataka waupate au wasiupate, hawa watoto. Kwamba alipoisoma nakala ya barua ya Tucker alipiga meza kwa hasira, halafu akaenda zizini akakaa juu ya ndoo, akagundua kwamba anapumua.

Tukanywa kahawa. Nikamwomba radhi kuhusu bata. Kuhusu kigingi sikuomba radhi, maana sikuwahi kumshtaki waziwazi. Hakuna haja ya kumwomba mtu msamaha wa bure.

Jumanne, 12 Novemba

AMEPATA!

Miaka minne! Chuo chote! Alisoma barua kwenye simu jikoni, bibi yake akaangusha bakuli, Dale akaketi sakafuni na buti zake za matope. Mimi nilitoka nje. Vumbi la mahindi, macho yanauma. Dale akanifuata kunikumbusha kwamba mavuno yaliisha wiki mbili zilizopita. Kijana hana adabu.

Kupitia dirishani nilimwona Ardith amemshika Leanna uso kwa mikono miwili, anamtazama muda mrefu. Bibi mtu alikuwa anamkariri.

Nilipoingia nikampa Leanna sarafu, nikamwambia ni ya nani. Aliisikiliza habari ya Wendell yote, amesimama. Akaifunga kwenye leso. Akaniambia saluti ya kwanza ni yangu, ila kwa masharti mawili. La kwanza, Sajini Virgil asimame kando yangu, apige ya pili. Nikasema haya, kwa uchungu. La pili, niwe nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe.

Hapo Ardith akaona mlango umefunguka, akaingiza habari ya daktari. Daktari alishasema tangu kiangazi: moyo wangu ni injini ya zamani, unataka kutembea maili moja kila siku, au nisahau miaka themanini na minne. Sikuwa nimemwambia mtu. Ardith hupekua mifuko.

Leanna akanishika mkono, akasema, "Maili moja tu, Babu. Kila siku. Kigingi kipo."

Macho yake hayakucheka hata kidogo. Nikaahidi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimetembea. Baridi kali. Kutoka kwenye kigingi mpaka getini, dakika thelathini na mbili, nimesimama mara nne, moja kati ya hizo nikiongea na ng'ombe wa Virgil ili isionekane ni kupumzika. Miguu imekuwa mizito kama trekta.

Nimeyatafakari yote yaliyotokea msimu huu. Mtu wa umri wangu lazima atafakari. Ukweli ni kitu kizuri sana. Maili ni maili. Nimejifunza.

Mchana, Leanna akiwa shule, nimekisogeza hatua hamsini. Si udanganyifu. Ni dawa. Mzee akijiona ana kasi, anakuwa na kasi. Safari hii nilipita nyuma ya mtaro, basi la shule lisinione.

Alhamisi, 14 Novemba

Kigingi kimerudi kwa mwewe. Kimepigiliwa mpaka shingoni. Juu yake kimevalishwa kofia ndogo ya kijeshi, ile ya bata wa kina Virgil.

Sasa wameungana!

Nimetembea maili yote. Dakika thelathini na moja. Kesho nakuja na koleo na kamba, na nitakisogeza hatua ishirini tu. Ishirini hakuna atakayeziona.